Mbung'o Hawatii Chumvi

Mwanangu Shabani,

Kwenye kisomo tulifundishwa barua inaanza hivi: mimi ni mzima, hofu ni kwako wewe uliye mbali na macho yangu. Sasa hii yangu niianzeje? Wewe bado hujaondoka. Nakuona pale upande wa pili wa ua, unanoa shoka na kupiga mluzi kama mtu anayekwenda harusini. Basi tuseme hivi. Mimi ni mzima, isipokuwa mikono inaniwasha na usingizi umenikataa, na hofu ni kwako wewe uliye karibu kabisa na macho yangu, ambaye kesho asubuhi unaondoka na maksai wa mjomba wako kwenda Kasengwa.

Pamoja na barua hii utakuta kiberiti kimefungwa uzi. Usikifungue mpaka umalize kusoma. Najua utakifungua. Kama umeshakifungua, kifunge tena, jifanye hukuona, uendelee.

Utajiuliza, huyu mzee ana mdomo mzima, mimi niko hatua chache tu, kwa nini ananiandikia? Nakuandikia kwa sababu nikisema watu wanacheka, na karatasi haicheki. Halafu wewe mwenyewe ni shahidi kwamba kisomo cha ngumbaru mimi nilishika namba moja. Ukimtoa mama yako. Na ukiwatoa wale wanawake wa mstari wa mbele. Katika wanaume nilikuwa wa kwanza kabisa, ukimtoa mjomba wako Masanja, na yule aliibia kwa mama yako, walikaa benchi moja.

Mama yako amepita hapa sasa hivi. Kaniangalia, kaangalia karatasi.

"Baba Shabani, unaandika msahafu?"

"Naandika mambo ya wanaume."

"Haya. Wino ukiisha uje nikukopeshe masizi ya chungu."

Kaenda zake kukufungia unga. Unga, chumvi, blanketi, dawa ya tumbo, hayo ni yake, mimi siyagusi. Mimi nina jambo moja tu, na tangu adhuhuri nalizunguka kama mbwa anayetafuta pa kulala. Nimesimama, nimekwenda zizini kuwaangalia maksai, nimerudi. Nimekwenda tena. Yule mwekundu kanilamba mkono. Ningemkuta amelala ningepata nafuu, lakini kunilamba!

Haya. Unakumbuka lile swali lako la wakati wa chakula, wiki hii, siku Masanja alipokuwa hapa? Mlikuwa mmeshachaguliwa, vijana wa kijiji mwende kufungua shamba jipya Kasengwa, na wewe ndiye kiongozi wao. Nilijivuna mpaka kanzu ikanibana. Ukanawa mikono, ukaniuliza kwa adabu kabisa:

"Baba, Kasengwa unaijua wewe. Kule kuna mbung'o?"

Swali la mtu mwenye akili. Nami nikajibu nini?

"Mbung'o? Mwanangu, nimerina asali Kasengwa tangu kidevu changu hakijaota kitu. Hajaniuma hata mmoja. Wakinisikia nakohoa tu wanahamia Kigoma!"

Mkacheka wote. Masanja akapiga goti lake, akasema, "Basi. Shemeji kasema, imekwisha. Mpwa wangu, chukua maksai wangu wote wawili. Utalima kwa jembe la mkono kama kuku anayeparua, na mjomba yupo?"

Pale pale nikalirudisha tonge sahanini. Nilijua nimefanya jambo, ila sikujua ni jambo gani. Maana Shabani, kwa Mungu wa haki, nilichosema kilikuwa kweli. Miaka yote ile Kasengwa sijaumwa na mbung'o. Katika maneno yote niliyosema maisha yangu, hilo lilikuwa mojawapo ya machache yasiyo na chumvi. Na ndilo lililonitoa jasho. Kwa sababu mara ya mwisho niliposema neno kama hilo, karibu kundi zima la Masanja liliteketea.

Hiyo ya kundi hukuijua vizuri. Ulikuwa shule Tabora mjini. Uliporudi nikakuambia ng'ombe wa mjomba wako walikufa kwa jicho la watu. Nilikuambia hivyo kwa sababu jicho la watu halina mwenyewe. Sasa kaa chini.

Unaijua Mkolani, tulikozaliwa wote, wewe na mimi. Leo ni mahame, lakini wakati ule ulikuwa ukisimama kwa baba yangu unaona moshi wa kila jirani. Na mbung'o hakuna. Ng'ambo ya mbuga wapo, kusini wapo, njia ya Tura wapo mpaka wanaingia madirishani mwa gari moshi, lakini Mkolani hakuna hata mmoja. Tulifuga mbuzi, tulifuga ng'ombe wachache, wakanenepa.

Mimi niliambiwa sababu tangu mdogo, na baba yangu, aliyeambiwa na baba yake. Babu yangu alikuwa mpagazi. Alibeba pembe za ndovu mabegani kutoka hapa Unyanyembe mpaka pwani, na akirudi alikula maembe njia nzima na kutema kokwa. Ile miembe yote unayoiona kandokando ya njia ya zamani ni mdomo wa babu yangu. Mama yako anasema hao wapagazi walikuwa wengi, kila mmoja na mdomo wake. Sawa, tumpe babu nusu ya miembe. Sasa huyu babu, pwani kule, alikuwa na mtani wake Mzaramo. Mzaramo akamuuzia chungu cha dawa. Akakibeba mpaka Mkolani, akakifukia njia panda. Mbung'o akivuka pale, mabawa yanamnyonyoka. Ndivyo nilivyoambiwa, na ndivyo nilivyowaambia watu, nikiongeza kidogo. Nilikuwa nasema kwamba asubuhi tulikuwa tunafagia mabawa kwa ufagio.

Basi ikaja ile habari ya kuhamia vijijini. Tusogee barabarani tuishi pamoja, tupate shule, tupate zahanati, maji ya bomba. Tukahama Mkolani wote, hakubaki hata kuku. Mimi nilibeba mlango wa nyumba kichwani mwendo wa nusu siku, na mama yako nyuma yangu na mdogo wako mgongoni na mawe mawili ya kusagia, na hiyo ya mawe kila mtu ananikatisha kunikumbusha nikianza kusimulia ya mlango.

Mvua ya kwanza ikapita, na ya pili. Huko Lusu kwa wajomba zako jua likakaza. Masanja akaja hapa kwa miguu, midomo imepasuka. Nilimkaribisha, akala, akasema:

"Shemeji, nyasi Lusu zimekwisha. Ng'ombe wanakula mapaa ya nyumba. Nitafutie mahali."

Na mimi, Ramadhani Maganga, mtu wa kutafuta, ningenyamaza? Nikamwambia:

"Mkolani! Kule tumeacha mashamba, nyasi sasa zinamfunika mtu na kofia yake. Hakuna mkulima wa kugombana nawe. Hakuna mbung'o tangu enzi za babu. Lete kundi lote."

"Shemeji, neno lako ni neno? Maana wewe wanakuita Chumvi."

"La ng'ombe sitii chumvi."

Akaleta kundi lote. Alikuja na dume lake jeusi, aliloliita Mkoloni, kwa sababu lilikuwa linakaa katikati ya malisho na kufukuza wengine. Shabani, dume lile! Ardhi ilikuwa inajua linapokanyaga. Tuliwapeleka Mkolani mimi na Masanja, tukifuata njia ya zamani. Nilipofika sikuijua nchi yangu. Kwenye shamba la mama yako vichaka vimesimama kifuani. Pale tulipokuwa tunacheza ngoma, ngiri anatoka na watoto wake mkia juu. Nyasi zipo, kweli zipo. Masanja akafurahi. Nikamwonyesha njia panda penye chungu, nikapapiga kwa fimbo, nikamwambia, "Askari huyu hapa. Halali."

Tukawaacha na wachungaji wake. Wachungaji walipoleta habari kwamba wanaumwa na wadudu, nikasema hao ni inzi wa kinyesi tu, Wasukuma mmezoea nchi kavu.

Ng'ombe wa malale haanguki kwa siku moja, laiti angeanguka! Anakonda. Anakula na anakonda. Masanja alikuja kunichukua twende tuone. Tukamkuta Mkoloni amesimama kivulini, manyoya yamesimama, machozi yanatiririka, taya limevimba chini. Majani mdomoni, anatafuna.

"Shemeji," Masanja akaniambia, "huyu anakula tangu asubuhi. Chakula kinakwenda wapi?"

Nikainama nikamtazama tumbo. Na pale pale kitu kikanichoma shingoni, nikapiga kofi, nikakikosa.

Mkoloni akaenda wa kwanza, na wengine wakamfuata. Wale wachache waliotoka hai, leo wamebaki hao wawili unaowaona zizini, walikuwa ndama wakati ule. Masanja akabaki kuishi hapa hapa kijijini, wala hakunitukana. Angenitukana ningemrudishia, tungemaliza. Alikaa hapa kibarazani akasema, "Mungu ametoa, Mungu ametwaa, na Chumvi ameonyesha njia." Akacheka, na mimi nikacheka, tukawa tunacheka huku kila mtu anaangalia upande wake.

Nilirudi Mkolani peke yangu na jembe, nikachimba njia panda. Nilitaka nijue nani kaiba dawa. Nilikuta vigae na mizizi. Nikaja nyumbani nikamwambia mama yako, chungu kimepasuka, ndiyo maana. Alikuwa anapeta mtama. Hakuacha kupeta.

"Chungu gani, Baba Shabani? Dawa ya Mkolani ilikuwa mgongo wangu."

"Una maana gani?"

"Nani alilima pale kila masika mpaka mlangoni kwa jirani? Nani alikata vichaka vya kuni, karibu kwanza, halafu mbali, halafu mbali zaidi? Mbuzi walikula machipukizi ya nani? Wanaume mlichoma nyasi kutafuta panya, ngiri wakahama. Mbung'o anataka kivuli na mnyama wa kumnyonya. Tulimnyima vyote, bila hata kujua kama tunamnyima. Tulipoondoka, tumemwachia nyumba, kafungua mlango. Huo mlango si uliubeba wewe?"

Nilitoka nje. Nilizunguka nyumba. Mpaka leo, Shabani, nikikumbuka maneno yale siwezi kukaa kwenye kiti. Maisha yangu yote nilidhani tunaishi Mkolani kwa sababu hakuna mbung'o. Kumbe mbung'o hakuwepo kwa sababu sisi tunaishi.

Sasa turudi Kasengwa. Hukumbuki kwamba baada ya lile swali lako nilipotea? Nilisema nakwenda Tabora kuuza nta, nipite mtaa wa Ng'ambo kwa wale wauza kahawa nicheze bao. Mama yako akasema, "Kacheze, labda watakuchoka." Sikwenda Ng'ambo. Nta niliificha kwa jirani. Nilikwenda Kasengwa kwa miguu yangu hii, mzee mzima, nikalala njiani, asubuhi jua limeshapanda nikawa nimesimama pale pale mnapotaka kulima.

Mahali pazuri, Shabani, sitakudanganya. Udongo mweusi, kijito kinapita, miti mikubwa ya mitundu kijitoni na miyombo juu. Nikavaa lile koti langu jeusi, nikatembea kama ng'ombe, pole pole, nikisimama, nikitembea. Kama kuna mtu aliniona, sasa hivi anasimulia kwao kwamba Kasengwa kuna kichaa.

Sikumaliza kuvuka uwanda. Huyu mdudu habishi hodi kama mbu. Anachoma kama sindano ya zahanati, juu ya koti. Nikapiga. Ukimpiga kofi moja anaruka, unamsikia anakucheka. Mpaka umbane na kidole umsugue. Akaja mwingine mgongoni, mwingine nyuma ya goti. Nikakimbia, wakanifuata. Wanapenda kinachokwenda. Nikasimama, wakatua. Nilipomkamata mmoja nikamwangalia, mabawa yake yamelaliana juu ya mgongo kama mkasi uliofungwa. Nikamwambia, "Shikamoo bwana. Ulikuwa wapi miaka yote hiyo?"

Nikaingia kijitoni, nikakaa majini mpaka shingoni, ndipo akili ikanirudia. Nilikuwa naingiaje Kasengwa miaka yote? Unajua mwenyewe, ulinibebea vibuyu. Mrina asali haendi mchana, nyuki watamuua. Anaingia jua limezama, anapanda mti gizani, na mkononi ana kienge kinachotoa moshi, na nguo zake zote zinanuka moshi mpaka arudi. Na mbung'o? Usiku amelala. Moshi haupendi. Shabani, nilipita katikati ya mbung'o ujana wangu wote na sikuwahi kuwaona, kwa sababu nilikwenda saa yangu na kwa moshi wangu. Nilijua Kasengwa ya mrina asali. Nyinyi mnakwenda Kasengwa ya mchana, na maksai wawili wenye jasho, mnakwenda na kurudi, mnakwenda na kurudi.

Basi nikarudi, jana jioni. Mlikuwa mmekaa wote, na Masanja yupo. Mikono yangu imevimba. Mama yako akauliza nini hiyo, nikasema nyuki. Halafu nikajikaza. Nikasema, "Shabani, nisikilize. Kule Kasengwa..."

Kabla sijafika mbele Masanja akadakia, "...simba alimwamkia shikamoo!"

Mkaanguka kicheko. Wewe ulicheka mpaka ukamwaga chai. Na mimi, mwanangu, nifanye nini, nina ugonjwa. Nikiona watu wanacheka kwa ajili yangu, ulimi unakimbia wenyewe. Nikasema, "Akaniamkia, nikamwitikia marahaba, akaniuliza habari za watoto." Ikaisha hivyo. Mkaenda kulala mmefurahi, nami nikabaki kibarazani najikuna.

Ndiyo maana naandika.

Najua utakachofikiri, maana una damu yangu, unapenda jambo la haraka. Utasema, kama mbung'o anataka kivuli, tutakata kila kitu, tutapiga Kasengwa upara, tumemaliza. Ngoja. Toka hapo ulipokaa utazame kijiji chetu hiki. Tulipofika barabarani hapa palikuwa na miti. Tukaja na tumbaku, tukajenga mabani ya kuikaushia, na bani likiwaka linakula kuni mchana na usiku kama mke mdogo anayekula peke yake. Mimi ndiye niliyekuwa bingwa wa shoka, hilo halina ubishi hata kwa mama yako. Watu walikuwa wanakuja kunitazama. Mti ukianguka nasimama juu yake, mkono kiunoni. Mbung'o hapa hakuna, ni kweli. Nyuki hakuna vile vile. Wanawake wanakwenda kuni alfajiri wanarudi adhuhuri. Kile kisima cha bondeni, ulichokuwa unaogea ukitoka shule, leo wanateka kwa kikombe.

Na hao nyuki usifikiri walifukuzwa na bani peke yake. Mizinga yangu mizuri, ile ya gome, watu walikuwa wanaitaka mpaka Sikonge. Unajua inavyotengenezwa. Unachagua myombo mnyoofu, unazungushia shoka juu na chini, unauvua gome lake zima kama kumvua mtu kanzu. Mzinga mwepesi, unakauka vizuri. Na mti unabaki uchi, unakufa umesimama. Kila mzinga mmoja, mti mmoja. Niliwajengea nyuki nyumba kwa kuwaulia shamba. Miti waliyokuwa wanakuja kufuata maua yake ndiyo niliyokuwa naivua nguo. Siku moja nilipanda nikakuta mzinga mtupu, wa pili mtupu, nikateremka nikasema nyuki wa siku hizi hawana shukrani!

Kwa hiyo utaniuliza, baba, nikate au nisikate? Nami nitakuambia sijui sawasawa, na kutojua kwangu kunanitembeza uani tangu mchana. Huyo bwana pori, ukimwacha anaingia mpaka kitandani. Ukimzidi, anakufa na wewe unakufa kiu. Nimefikiria nimfananishe na nini, nikapata mtani. Yule Mzaramo wa babu. Mtani unamchokoza, unamnyang'anya kofia, unamla kuku wake, na yeye anakula wako. Lakini huwezi kummaliza, maana siku ukifa ndiye atakayekuja kuchimba kaburi, na kutia mzaha ili wenye msiba wapumue. Huyo pori akifa, nani atatuzika?

Nilivyoona mimi, na hapa nasema kama mtu aliyekaa majini mpaka shingoni: nendeni kwanza watu. Majembe, mbuzi wachache, na wake zenu muda si mrefu, maana nyinyi peke yenu mtakula ugali mbichi. Limeni kwa kushikana, shamba liguse shamba, kama tulivyokaa Mkolani, mfyeke vichaka vya chini pale mnapoishi. Kijitoni, ile mitundu mikubwa iacheni isimame, fyekeni chini yake tu mpate kupita na mwanga. Huko juu kwenye miyombo msivue mti gome. Nimekuwekea nyuma ya ghala mizinga mitatu ya magogo, nimeichonga kwenye mininga iliyoanguka yenyewe. Ni mizito, utanilaani njiani, lakini haikuua mti hata mmoja. Mvua zikipita, mkikaa mchana uwandani na koti jeusi bila kujikuna, hapo ndipo mtu aje awachukue maksai.

Hao wawili wabaki. Ndilo jambo langu lote. Wabaki kwa Masanja.

Najua ni vigumu. Wenzako wanawahesabia hao ng'ombe. Wewe kiongozi, utasema nini, baba yangu kaniandikia? Watasema yupi, Chumvi? Na ukimrudishia mjomba wako zawadi mbele ya watu ni kama umemtemea mate. Nimeyafikiria yote hayo nikizunguka zizi. Ningeweza kuwafungulia usiku wapotee, halafu niseme ni fisi. Hadithi ilikuwa tayari kichwani, na ilikuwa nzuri, fisi wa miguu mitatu. Nikaiacha. Kuna siku mtu anachoka na fisi wake.

Sasa fungua kiberiti.

Hao ni wa Kasengwa. Niliwakamata kwenye mwili wangu, mmoja mmoja, na mmoja nilimfuata mpaka nikavunja kiatu. Tazama mabawa. Mwonyeshe yeyote anayebisha. Mimi nikisema neno mnalipima mara mbili, lakini hao hawana kisomo, hawana babu, hawatii chumvi.

Na bado kiberiti hakitoshi, najua. Kitu kilichoingia kwa mdomo wangu mbele za watu lazima kitoke kwa mdomo huo huo mbele za watu. Kwa hiyo kesho fanya hivi. Watu wakishakusanyika, maksai wametolewa, Masanja ameshika kamba na anajiandaa kutoa ile hotuba yake ndefu, usiniage kwanza. Simama mbele yangu, uniulize tena lile swali. Uliulize kwa sauti, asikie na yule kiziwi wa ghalani. Baba, Kasengwa kuna mbung'o?

Watasogea karibu, wanajua kicheko kinakuja. Masanja ataanza kushika mbavu mapema. Usiwatazame wao, nitazame mimi, nishikilie kwa macho nisiponyoke, maana ulimi wangu unaujua.

Nitajibu: wapo.

Sitaongeza neno. Na mama yako atanishika paji la uso, aone kama nina homa.

Baba yako,
Ramadhani Maganga